Nyumba moja, masomo matatu



Siku moja ukipita Mangobo ao Kabondo, hapa Kisangani, asubui mbele ya saa ya kuingia masomo, simama kidogo kando ya njia, uangalie mlango wa nyumba moja tu. Watoto watatu wanatoka. Wa kwanza amevaa shati nyeupe na kaputula ya blu, iniforme ya inchi nzima. Anaenda kwa miguu, kaye mbili ndani ya mfuko wa plastiki. Wa pili amevaa shati ya miraba yenye alama ya masomo yake kifuani. Pikipiki inamungojea, na ndani ya sakoshi yake muko mukati na chupa ya maji. Wa tatu ni dada yao mkubwa. Anaangalia wadogo wake mpaka wanapotea, kisha anashika njia yake ya kwenda sekondari. Jana alirudishwa juu ya minervali. Leo anajaribu tena.

Hawa ni watoto wa baba mmoja na mama mmoja. Usiku wanakula sahani moja. Asubui kila mmoja anaenda katika inchi yake.

Nyumba hii si ya fulani. Ni ya wengi, na pengine ni yako. Ndiyo maana mwezi huu tumetaka kuongea nawe juu ya kuchagua masomo: nani anachagua, anachagua kwa makuta ya nani, na kitu gani kinabaki nyuma yake akiisha kuchagua.

Wengi wenu munaosoma gazeti hili munakaa karibu na migodi na kariere. Mutauliza: Kisangani inatuhusu nini? Inawahusu. Dhahabu na almasi za pori ya Bafwasende na Banalia zinashuka kuuzwa Kisangani, na watoto wa wachimbaji nao wanashuka kusoma Kisangani. Baba anabaki kariere, mtoto analala kwa shangazi. Habari ya masomo ya mji huu ni habari ya kariere vilevile.

MASOMO YA PADRI NI YA NANI?

Tuanze na neno moja linalodanganya watu. Tunasema “masomo ya padri”, “masomo ya Waprotestanti”, “masomo ya Leta”, sawa vile kila mmoja yuko na duka lake. Hapana. Hapa Kongo masomo mengi sana ya msingi ni ya konvansione. Maana yake Kanisa linaangalia kazi ya kila siku na kulinda nyumba, lakini programu ni ya Leta, enspektere ni wa Leta, na mshahara wa mwalimu unapaswa kutoka kwa Leta. Masomo ya konvansione ni masomo ya watu wote. Prive ni kitu kingine: mwenyewe ni mtu ao shirika, na mwalimu anaishi na makuta yako wewe mzazi, basi.

Mambo haya yalitoka wapi? Mapadri wa Moyo Mtakatifu, wakiongozwa na Padri Gabriel Grison, walifika hapa karibu na maporomoko ya mto mwaka 1897 na kuanzisha misioni ya Saint-Gabriel. Mwaka 1906 serikali ya mfalme Leopold II ilifanya mapatano na Roma: misioni inapewa udongo, nayo inakubali kufungua masomo. Kwa miaka mingi misioni za Wakatoliki ndizo zilizopata feza ya serikali. Waprotestanti walisubiri mpaka kiisha vita ya pili ya dunia. Mzazi hakuwa na la kuchagua. Masomo yaliyokuwa karibu ndiyo yalikuwa yake, na mara nyingi dini ya masomo ikawa dini ya mtoto.

Mwaka 1954, kule Ubelgiji, Auguste Buisseret aliwekwa waziri wa Makoloni, akaanza kufungua kwa watoto wa Wakongo masomo ya Leta yasiyokuwa ya dini. Ugomvi ulikuwa mkubwa. Misioni zilisema: munatunyanganya feza na watoto. Wengine, na Wakongo wengi waliosoma walikuwa ndani yao, walisema: acheni mzazi achague. Ukisikiliza vizuri, ni maneno yaleyale tunayosikia leo.

Kisha uhuru, kisha Mobutu. Mwaka 1974 Leta ilinyanganya Makanisa masomo yao yote. Haikudumu. Tarehe 26 mwezi wa pili mwaka 1977 walitia sahihi konvansione yenyewe, na Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu wakarudishiwa uongozi. Waislamu walifuata nyuma. Tangu pale Leta na Kanisa ni sawa mume na mke wanaogombana juu ya makuta lakini hawawezi kuachana, sababu ya watoto.

PRIME

Mwanzo wa miaka ya 1990 ndoa hii ilifika pabaya. Feza ya Zaire ilianguka, mshahara wa mwalimu haukutosha hata kununua mafuta ya ngazi, na miezi mingine haukufika kabisa. Walimu waliweka chaki chini. Kusudi watoto wasipoteze mwaka, wazazi na viongozi wa Kanisa walipatana: mzazi atatoa kitu kidogo cha kumsaidia mwalimu wakati huu wa shida. Wakakiita prime. Tuseme ukweli, maana gazeti hili nalo linachapwa na Kanisa: sisi tulikuwa ndani ya mapatano yale. Yalifanywa kwa roho nzuri. Lakini “wakati huu wa shida” uliendelea miaka zaidi ya 25.

Mimi ninayekuandikia ni mtoto wa prime. Nakumbuka mlango wa klasi unafunguka, direktere anaingia na karatasi ndefu. Anayeitwa anakusanya kaye zake na kwenda nyumbani. Hakuna fimbo, hakuna matusi, jina tu. Siku moja aliita majina mpaka tukabaki saba, na mwalimu akaendelea kufundisha wale saba kama vile hakuna kitu. Mimi nilikuwa mmoja wao, sababu mama alikuwa ameuza kikwembe chake cha kuendea kanisa. Rafiki yangu tuliyekaa naye kiti kimoja hakurudi tena. Alienda kariere. Mpaka leo sijui kama siku ile nilifurahi ao niliona haya.

Wakati ule nao watu walichagua. Mwenye makuta alitafuta masomo yenye prime kubwa, sababu mwalimu wa pale hakosi kazini. Asiye na makuta alitafuta prime ndogo. Kwa karatasi yote yalikuwa masomo ya Leta. Kwa kweli yalipangwa sawa samaki wa sokoni, kila fungu na bei yake.

SEPTEMBA 2019

Sheria ilikuwa imeandikwa zamani. Kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka 2006 kinasema masomo ya msingi ni ya lazima, tena ni ya bure katika masomo ya Leta. Kifungu hichohicho kinasema wazazi wana haki ya kuchagua namna ya elimu ya watoto wao. Weka vidole viwili pale: bure, na kuchagua. Vinakaa katika kifungu kimoja, na bado hatujajua kuviweka katika mji mmoja.

Kuanzia mwaka 2010 Leta ilijaribu gratuite kidogo kidogo, klasi za chini kwanza, lakini prime haikufa. Ni mwezi wa tisa mwaka 2019 ndipo serikali ya Rais Félix Tshisekedi ilisema: masomo ya msingi ni bure, inchi nzima. Mwaka 2020 Banki ya Dunia ilikubali kutoa dola milioni 800 za kusaidia.

Na watoto walikuja. Walitoka sokoni, kule walikokuwa wanauza karanga na maji ya mifuko. Walitoka mashambani na jikoni za watu. Mabinti wakubwa walikaa klasi ya kwanza pamoja na watoto wa miaka sita, magoti yao yakigonga meza. Ilikuwa furaha, na mtu asiyefurahi juu ya jambo lile sijui moyo wake umetengenezwa na nini.

Lakini viti havikuzaana. Palipokuwa na watoto 50 pakaingia 100, na mahali pengine kupita pale. Mwalimu wa mjini, hasa wa masomo yenye jina, alipoteza prime ambayo ilikuwa inampa chakula kuliko mshahara. Yule wa kijijini, ambaye prime yake ilikuwa ndogo, hakupoteza sana. Tena kulikuwa na walimu waliofundisha bila jina lao kuwa kwenye liste ya malipo ya Leta. Wanaitwa N.U., na wengi waliishi kwa prime tu. Prime ilipoondoka walibaki na chaki mkononi. Mwezi wa kumi mwaka 2021, walimu wakiwa wamegoma, wanafunzi wa masomo ya Wakatoliki ya Kinshasa waliingia mpaka ndani ya Palais du Peuple, nyumba ya bunge, kuomba walimu wao warudi. Watoto wenyewe!

Sasa jiweke pahali pa mzazi. Mtoto wako anarudi na kaye ambayo mwalimu hajaifungua tangu wiki tatu. Unamwuliza amekaa wapi, anasema chini. Uko na duka ndogo, ao bwana anatumika katika ofisi. Utafanya nini? Ndipo prive ikaota sawa uyoga kiisha mvua. Nyumba ya vyumba vitatu, ubao mweusi, jina la mtakatifu ao neno la Kifaransa linalongaa, na iko masomo. Zingine ni nzuri kweli. Zingine ni kuta na rangi.

Hili halikutupata sisi peke yetu. Kule Kenya, mwezi wa kwanza mwaka 2003, serikali ya Mwai Kibaki iliondoa malipo ya masomo ya msingi, na watoto zaidi ya milioni moja waliongezeka. Mzee mmoja, Kimani Maruge, aliingia klasi ya kwanza mwaka 2004 akiwa na miaka 84. Na katika miaka iliyofuata masomo ya prive yaliongezeka sana, hata katika kartie za maskini za Nairobi. Waliokwenda huko hawakukimbia malipo, kwani walikwenda kulipa. Walikimbia wingi.

Kule Chile, Amerika ya Kusini, walifanya kwa kupenda. Tangu mwaka 1981 feza ya Leta ilimfuata mtoto: ukimpeleka prive, inakwenda naye. Ilionekana kuwa haki kabisa. Lakini prive nyingi zilichagua watoto wanaofundishika kwa urahisi na wazazi wanaoweza kuongeza kitu juu, na masomo ya komine yakabaki na wale wengine. Vijana waliandamana mwaka 2006, wakaandamana tena mwaka 2011. Mwaka 2015 iliwekwa sheria kwamba masomo yanayokula feza ya Leta yasichague watoto wala yasitafute faida.

ANAYETOKA HATOKI PEKE YAKE

Hapa ndipo tunaomba ukae nasi kidogo.

Ukiondoa mtoto wako ku masomo ya Leta, unafikiri ni mtoto mmoja ametoka. Kiti kimebaki wazi, mwalimu amepumua. Lakini kuna mtu mwingine ametoka pamoja naye, na mtu yule ni wewe. Wewe ndiye uliyejua kusoma buletini na kuuliza juu ya nini Kifaransa ni 4 juu ya 10. Wewe ulikuja ku mkutano wa komite ya wazazi hata mvua ikinyesha. Ulijua ofisi ya enspektere iko wapi. Siku paa lilipotoboka ulisimama mbele ya watu na kuuliza: makuta ambayo Leta inatuma ya kuendesha masomo, mwezi huu imefanya kazi gani? Direktere alikuogopa kidogo. Woga ule ulikuwa mali ya watoto wote wa masomo yale, hata wale ambao hujui majina yao.

Anayebaki ni mama muuza sombe. Anatoka nyumbani giza, anarudi giza. Kifaransa cha mkutano hakijui. Siku moja akijikaza na kuuliza, anajibiwa: “Mama, weye unalipa nini hapa?” Neno hili nimelisikia kwa masikio yangu, mahali sitataja. Aliyelisema hakuwa mtu mbaya, alikuwa amechoka. Lakini ni uongo. Mama yule analipa. Kila asubui mtu wa taksi anapita mbele ya meza yake sokoni, na anatoa. Leta inalipa mwalimu kwa kodi za watu, na taksi ya mama yule ni kodi.

Ndivyo masomo yanavyoanguka bila mtu kuyaangusha. Wazazi kumi wenye sauti wanatoka kwa sababu klasi imejaa. Hakuna tena wa kuuliza. Mwalimu anayekosa siku mbili haulizwi, anakosa siku nne. Wazazi wengine kumi wanaona, nao wanatafuta makuta ya kutoka. Mwishowe wanabaki wale tu ambao hawana pa kwenda, na watu wa mji wanasema: “Munaona? Ya bure haina kazi.”

Hatusemi mzazi amekosa. Mtoto hana maisha mawili, moja la kusoma na moja la kungojea Leta ijenge klasi. Mimi mwenyewe nimefanya. Wakubwa wetu wawili walisoma konvansione, mdogo yuko prive. Basi sikuandikii kutoka juu ya mlima.

NDANI YA NYUMBA

Tufanye hesabu, ya mfano tu. Tuseme prive inaomba dola 15 kwa mwezi. Miezi kumi ni dola 150. Miaka sita ya msingi ni dola 900, bila iniforme, bila pikipiki, bila siku ya fete. Sasa rudi kwa yule dada mkubwa tuliyemwacha njiani. Kuanzia mwaka wa saba gratuite haimufikii. Kule mzazi analipa, na juu ya malipo yaliyopangwa kwa amri ya gavana wa provinsi kunaongezeka mara nyingi vitu ambavyo havikuandikwa. Nyumba imelipa pahali ambapo Leta inasema ni bure, imekosa pahali ambapo kulipa ni lazima. Kuna watoto wanaofaulu ENAFEP vizuri ku prive nzuri, kisha wanakaa nyumbani mwaka mzima juu ya minervali ya mwaka wa saba. Dola 900 zilikwisha kuliwa mbele.

Na nani anapelekwa prive? Sema ukweli, hata kwa moyo tu. Mara nyingi ni kijana. Ao ni yule anayeitwa “mwenye akili”, neno ambalo wengine wote mezani wanalisikia. Binti anapelekwa bure kwa sababu “ataolewa tu”. Tena iko nyumba ambamo watoto wa mama aliye hai wanapanda pikipiki, na watoto wa mama aliyekufa wanaenda kwa miguu. Watoto hawaulizi juu ya jambo hili. Wanalijua.

Wewe baba wa kariere ya Bafwasende, njia ya kufika Kisangani inapita kilometa 200. Wiki ambayo dhahabu inatoka, unatuma makuta na neno: “Mutie mtoto prive.” Kisha wiki sita hakuna kitu. Prive haingoji. Mtoto anafukuzwa, shangazi anamtia ku masomo ya Leta katikati ya mwaka, ku klasi ya watoto 90 ambayo hata jina lake haliko kwenye liste. Mwezi wa tisa, dhahabu imetoka tena, anarudishwa prive, iniforme mpya. Mimi nasema waziwazi: mtoto aliyebadilishwa masomo mara nne katika miaka mitatu ameharibiwa kuliko yule aliyekaa pamoja na 90 pahali pamoja, na mwalimu mmoja anayemjua. Kama makuta yako yanakuja sawa mvua ya kiangazi, usiyafunge kwa malipo ya kila mwezi. Tuma ya mwaka mzima siku unapokuwa nayo, ao mwache mtoto mahali alipo na umlipie mwanafunzi wa iniversite amfundishe kusoma jioni. Kisangani haikosi wanafunzi wa iniversite wenye njaa.

Wasomaji wa Kolwezi na Likasi munajua hadithi nyingine. Wakati wa Union Minière, kisha wakati wa Gécamines, kampuni ilijenga masomo, na mtoto wa mfanyakazi alisoma mule. Baba hakuulizwa kuchagua. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka, kampuni ikaendelea kushuka, mishahara ikachelewa miezi na miezi. Hapo wazazi walisimama mbele ya milango ya masomo na swali ambalo baba zao hawakuwafundisha kulijibu. Wazee wengi wa kazi bado wanasema “wakati wa kampuni” sawa vile mtu anataja mzazi aliyekufa.

MBELE YA KULIPA

Kama umeamua prive, usiangalie rangi ya ukuta. Omba wakuonyeshe karatasi ya ruhusa ya Leta. Masomo yasiyo na ruhusa yanaweza kufundisha vizuri, lakini siku ya ENAFEP mtoto wako ataandikwa kwa jina la masomo mengine, na karatasi yake itamfuata vibaya. Kisha omba kaye ya mtoto wa mwaka wa tatu, kaye yoyote, na uangalie kalamu nyekundu ya mwalimu: imepita lini mara ya mwisho? Uliza walimu wangapi waliondoka mwaka jana. Uliza wanakula nini mwezi wa saba na wa nane, wakati wazazi hawalipi. Mwenye masomo akikasirika juu ya maswali haya, umekwisha kupata jibu.

Kama unabaki Leta ao konvansione, uko na mlango ambao wengi hawaujui. Kila masomo yanapaswa kuwa na COPA, ndiyo komite ya wazazi, na COGES, ndiyo baraza linaloangalia matumizi. Wazazi wana viti katika yote mbili. Omba hesabu isomwe kwa Kiswahili ao Kilingala, polepole, mbele ya mama muuza sombe. Si kwa kugombana. Direktere mwema anafurahi sana kupata mashahidi, kwani naye anasumbuliwa na watu wa juu.

Na kama nyumba yako iko sawa ile ya Mangobo, mguu mmoja huku na mguu mwingine kule, sikiliza: maadamu mtoto mmoja angali ku masomo ya Leta, kiti chako cha mkutano hakijaondoka. Wengi wanafanya kinyume. Wanakwenda mikutano ya prive kwa viatu vinavyongaa, na ile ya Leta wanatuma mtoto akasikilize. Jaribu kugeuza mwaka huu. Kule prive unalipa, watakusikiliza hata kwa barua. Kule Leta wanahitaji mwili wako pale kitini. Jioni, kitabu cha prive kitoke ndani ya sakoshi. Yule wa miraba na yule wa blu na nyeupe wasome ukurasa mmoja kwa taa moja, na dada mkubwa awasahihishe. Haiombi hata franga moja.

Ninyi vijana, mbele hatujafunga, tuna neno nanyi. Imezaliwa tusi mpya katika kartie: “mutu wa gratuite”. Tunasikia munarushiana katika mpira, hata ku kwaya. Mungejua wangapi kati ya waliowabatiza, waliowapiga sindano na waliowafundisha hesabu walisoma wakikaa juu ya tofali, musingelitamka tena. Na wewe unayelitamkiwa, mwambie ndugu yako akuletee kaye yake ya hesabu tufanye zoezi moja pamoja, yeye na wewe, tuone.

Tunangoja barua zenu. Tuandikieni namna nyumba yenu ilivyochagua, nani alikwenda wapi, na mulivyomweleza yule ambaye hakwenda. Musiandike jina la masomo wala la direktere. Zile tutakazoweza tutazichapa, na zile ambazo mutaomba tuzifiche tutazisoma sisi tu. Mukutano wa kwanza wa wazazi, katika masomo mengi, unaitwa mwanzo wa mwaka wa masomo, siku ya Jumamosi ao kiisha Misa ya Jumapili. Uliza tarehe kwa mtoto wako leo, maana mara nyingi karatasi ya mwito inalala ndani ya kaye mpaka mukutano umepita.